Debe Sio Shamba

Wiki ya tano ilikuwa inaisha na bogenvilia ya Amolo bado haikuwa imeona kiu.

Alisimama mlangoni asubuhi hiyo ya Jumamosi, mikono imening'inia tu, akaitazama vile mtu anavyotazama nguo za jirani kwenye kamba. Ilikaa ndani ya debe la mafuta ya kupikia, kando ya ukuta wa mabati, hapo mtaa wa Raila, ndani ya Kibera, na ilikuwa imekaa hapo zaidi ya miaka mitatu. Matawi yalikuwa yamepanda ukuta, yakapita paa, yakaanza kushika waya wa kuanikia wa Mama Valary wa mlango wa tatu. Majani yalikuwa mabichi, mapana, yanang'aa kama yamepakwa mafuta. Maua hakuna. Hata moja. Mwaka mzima sasa.

"Si uipatie maji, nyar Gem," Mama alisema kutoka ndani, akipepeta mchele. "Unaitesa."

"Shivachi alisema niinyime. Ikiona kiu itatoa maua."

"Shivachi, Shivachi. Huyo Mluhya wako anajua kunyima maji, kupatia hajui."

Mama huyu hakuwa mama yake wa kumzaa. Alikuwa mama wa Ojwang, na Ojwang alikuwa mume wa Amolo mpaka siku ile alipoanguka kutoka ghorofa ya nne ya mjengo, miaka minne iliyopita. Walimzika kwao Ugenya, wakarudi Nairobi wanawake wawili, wakaingia chumba kimoja. Mama aliendelea kumwita nyar Gem, binti wa Gem, vile bibi aliyeolewa anavyoitwa kwa jina la kwao, kama vile mume aliyemuoa bado yupo.

Siku ya mazishi Amolo hakulia. Watu waliongea. Walisema ana roho ngumu, wengine wakasema labda anajua kitu. Lakini haikuwa roho ngumu. Ilikuwa kama mguu uliokaliwa vibaya ukafa ganzi, ila mguu ukifa ganzi unajua baada ya dakika mbili utaanza kuchomachoma na kurudi. Yeye alingoja kuchomwachomwa miaka minne. Alipika, alifua nguo za watu kule mtaa wa Olympic, alikula, alilala. Watu walimwambia, "Umejikaza, dada." Akasema, "Asante."

"Osewe amepiga simu," Mama akasema.

"Anasemaje?"

"Anasema Desemba."

"Mwaka jana alisema Desemba."

"Mwaka jana bibi yake alikuwa mgonjwa."

"Na mwaka juzi?"

Mama aliacha kupepeta. "Mwaka juzi kulikuwa na mvua. Nyar Gem, unanihoji kama askari wa kituo. Osewe ni ndugu ya mume wako. Atakuja, atafanya kile kinafanywa, na wewe utakuwa huru kujenga, kupanda, kufanya kila kitu kama wanawake wengine. Mpaka siku hiyo wewe ni chi liel. Bibi ya kaburi. Si mimi nimeweka hiyo sheria, niliikuta."

Amolo alijua. Mjane ambaye hajarithiwa na ndugu ya mumewe hatii mbegu ardhini. Akitia, anavuta chira, laana ya kuvunja mwiko, na chira haichagui. Inaanza na kukonda, kisha inapita kwa watoto, kwa mifugo, kwa mtu aliyekula naye sahani moja. Ndiyo sababu siku ile alipokuja na kijiti cha bogenvilia kutoka Kawangware, Mama alikiangalia kwa woga kama amebeba nyoka. Amolo alisimama hapo tu amekishika, hajui atakifanyia nini. Mwishowe Mama mwenyewe ndiye aliyemhurumia. Alikwenda kwa muuza chipsi, akaomba debe kuukuu, akaja nalo kichwani, akaliweka kando ya ukuta.

"Tia humu," alisema. "Debe sio shamba."

Na kwa miaka mitatu maneno hayo yaliwalinda wote wawili.

Sasa Amolo alichukua kisu, akakata tawi moja lililokuwa refu kuliko yeye, akalikunja mara mbili, akalifunga kwa gazeti kwa sababu ya miiba. "Naenda kumwonyesha Shivachi," alisema. "Labda ina ugonjwa."

"Nenda. Lakini urudi kabla sijala peke yangu."

*

Kutoka Raila mpaka Congo, huko Kawangware, ni mwendo wa saa nzima na zaidi kwa miguu. Amolo aliuzoea. Kila Jumamosi ya pili alienda, akarudi na mfuko wa udongo uliochanganywa na mchanga na mavi makavu ya ng'ombe, na ukimuuliza kama udongo huo haupatikani Kibera angesema sijui.

Mara ya kwanza hakuenda kwa sababu ya maua. Ilikuwa miezi minne baada ya mazishi. Alikuwa amefua nguo mahali huko Kawangware, akalipwa, akatoka, akasimama kando ya barabara mbele ya nasari ya maua, akasahau anaenda wapi. Alisimama saa nzima. Mwenye nasari, mwanaume mrefu wa mabega yaliyoinama kidogo, aliendelea kujaza udongo kwa pakiti tupu za maziwa bila kumuuliza kitu. Mwishowe alikuja na kijiti kimoja.

"Shika hii," alimwambia. "Usiimwagilie sana. Watu wengi huziua kwa kuzipenda."

Huyo ndiye Shivachi.

Na miezi miwili iliyopita, akiwa amechuchumaa anakata vijiti kwa mshazari vile anavyokata, bila kuinua macho, alimwambia anataka kumuoa. Amolo alimweleza yote, Osewe, kaburi, mbegu, debe. Akamwambia pia kwamba akimwangalia haoni joto wala baridi, anaona mtu mzuri amekaa. Shivachi aliguna tu. "Nitangoja," alisema. Tangu siku hiyo kreti la soda analokalia Amolo lilikuwa na gunia jipya lililokunjwa mara nne juu yake, na hakuna mteja aliyeruhusiwa kulikalia.

"Amekuja!" Senje Musimbi ndiye aliyemwona kwanza. Alikuwa shangazi yake Shivachi, mwanamke mnene mwenye kicheko cha kufukuza kuku, na ndiye aliyekuwa akijaza pakiti siku hizi. "Shivachi, Mjaluo wako huyu hapa. Vaa shati lile lingine."

"Senje, tafadhali."

"Nini? Hilo liko na shimo kwa kwapa. Habari yako, Amolo? Mama anaendelea aje?"

"Mzuri, Senje. Goti limepoa."

"Sema asante kwa Mungu. Kaa. Huyu hajalala tangu Alhamisi, anafagia nasari kama bwana harusi."

Shivachi alikuwa amekwisha kusimama mbele yake. Alikuwa na macho ya kutua taratibu, yanakutazama kwanza mikono, kisha uso, kisha yanabaki hapo. Mwanamke mwingine angeshusha kichwa. Amolo aliyaona yakimtazama, akajua ni macho mazuri, kama vile unavyojua chai ni tamu kwa kuona sukari ikiwekwa, hujaionja.

"Umekonda," akasema Shivachi.

"Nimekuletea hii. Haitoi maua."

Alifungua gazeti. Shivachi alilipokea tawi, akalinyoosha. Likaendelea kunyooka. Likafika kichwani kwake, likapita. Akalipima unene kwa kidole gumba, akavunja jani moja, akalinusa, akalitazama mgongo. Uso wake, ambao ulikuwa umejaa furaha sasa hivi, ulianza kutulia polepole.

"Umeinyima maji?"

"Wiki tano. Hata tone."

"Na majani hayajalegea?"

"Hapana."

"Hata adhuhuri? Hata jua likiwa kali?"

"Yako tu vile unayaona."

Shivachi aliweka tawi juu ya meza ya mbao, taratibu sana. Akajifuta mikono kwa suruali. "Amolo, hii haiko kwa debe."

"Iko kwa debe."

"Mimi nimelea hizi vitu miaka kumi na tisa. Bogenvilia ya debe ukiinyima maji wiki mbili inalegea kama sukuma wiki ya jana. Na haiwezi kutoa fimbo kama hii. Fimbo kama hii inatoka kwa kitu kiko ardhini. Kimeshika chini. Kinakunywa."

"Shivachi, iko kwa debe. Mimi ndio nalala nayo hapo."

"Umeipanda."

"Sijapanda."

Senje Musimbi aliacha kujaza pakiti.

"Alikuja lini?" Shivachi aliuliza. Sauti yake ilikuwa chini, na hilo lilikuwa baya kuliko kelele.

"Nani?"

"Osewe. Si wewe uliniambia mwenyewe? Hupandi kitu ardhini mpaka ndugu ya bwana yako aje. Sasa imepandwa. Basi alikuja. Nauliza tu alikuja lini, nijue nimekuwa nikingoja nini."

Hapo ndipo Amolo alipaswa kukasirika. Alilijua hilo vizuri. Alijitafuta ndani, vile mtu anavyopapasa rafu akitafuta kiberiti alichojua kiko hapo, akapapasa, akapapasa, akakosa. Angeweza kusema, unaniita mwongo mbele ya shangazi yako. Angeweza kulia. Badala yake aliangalia gunia lililokunjwa mara nne juu ya kreti, akafikiri, amelikunja vizuri.

"Hajakuja mtu," alisema.

"Sema basi kwa nguvu. Nitukane. Rusha hata kitu! Mtu akisingiziwa hukasirika, Amolo. Wewe umenyamaza hivyo nijue nini?"

"Sijui unataka ujue nini."

"Nataka nijue kama nakaa huku kama mjinga!"

"Basi," Amolo alisema, na akachukua gazeti lake akalikunja, kwa sababu gazeti ni gazeti, lingefunga kitu kingine. "Mama ananingoja na chakula."

Aliondoka. Nyuma yake alimsikia Senje Musimbi akianza polepole, kwa Kimaragoli cha kwao, kisha akipanda hadi Kiswahili ili barabara nzima isikie. "Umesoma jani ukasahau kusoma mtu! Wewe ni daktari wa mbao wewe! Mwanamke anatembea kwa miguu kutoka Kibera miaka mitatu kununua mavi ya ng'ombe, unafikiri anakosa mavi ya ng'ombe huko?"

*

Alipofika Raila hakuingia ndani. Alienda moja kwa moja kwa debe, akashika masikio yake mawili, akaliinua.

Halikuinuka.

Akajaribu tena kwa kuegemea. Debe lilitoa mlio mdogo wa bati kuukuu, likakaa palepale kama limepigiliwa msumari. Amolo alipiga magoti. Akachota tope kwa vidole kuzunguka chini. Kutu ilikuwa imekula sehemu ya chini ya debe ikaisha kabisa, imebaki pete tu. Na katikati ya pete hiyo mzizi, mnene kama kifundo cha mkono wake, wa rangi ya mkate, ulikuwa umeshuka kwenye udongo, ukapinda kuelekea mtaro wa bafu la ploti. Mwaka mzima ulikuwa unakunywa maji ya kuoga ya nyumba kumi na mbili.

Alikaa hapo chini, mikono imejaa tope.

"Umepoteza nini?" Mama alitokea mlangoni, kijiko cha mbao mkononi. Kisha akaona. Akainama kadiri goti lilivyomruhusu, akaona vizuri, na kijiko kikaanguka.

"Mayoo," alisema kwa sauti ndogo. "Mayoo, nyar Gem. Umepanda."

"Sijapanda, Mama. Imejipanda."

"Chira inauliza nani alipanda? Imeota kwa mlango wa Ojwang! Na mimi nimekula na wewe, nimelala na wewe, nimekunywa kikombe chako!" Alianza kujipapasa mifukoni. "Simu. Simu yangu iko wapi? Osewe aje leo. Aje kesho. Hii si maneno ya Desemba tena."

Alipiga. Simu yake kuukuu haikusikika isipokuwa kwa sauti kubwa, kwa hivyo Mama Valary wa mlango wa tatu alitoka na beseni lisilo na nguo ndani ili naye awe na kazi hapo nje.

"Mama, kesho haiwezekani," sauti ya Osewe ilisema kutoka Ugenya. "Niko na pikipiki tatu za watu nimefungua injini."

"Zifunge! Kuna chira kwa mlango wa ndugu yako!"

Amolo alinyoosha mkono wake wenye tope, akaichukua simu. Hakupokonya. Aliichukua tu, na Mama akaiachilia kwa mshangao.

"Shemeji, ni Amolo."

"Aa, shemeji. Mko salama?"

"Nataka kukuuliza kitu kimoja. Wewe, Osewe, unanitaka?"

Jogoo aliwika huko Ugenya.

"Shemeji, hayo ni maswali gani ya mchana? Mimi nafuata vile wazee wanasema."

"Sijauliza wazee. Nimekuuliza wewe."

"Sasa... ukweli wangu, shemeji? Ukweli wangu, ukiniuliza mimi kama mimi? Bibi yangu Caren amesema nikikanyaga huko ataondoka na watoto. Na Caren hasemangi kitu mara mbili. Usimwambie Mama."

"Mama anasikia."

"Wuololo," alisema Osewe, na simu ikakatika.

Mama Valary alizamisha uso ndani ya beseni lake akicheka bila sauti. Mama hakucheka. Aliingia ndani, akatoka na panga la kukatia kuni.

Na hapo ndipo Shivachi alipofika. Hakuwahi kufika Raila hata siku moja; alikuwa ameuliza njia. Alikuwa amevaa lile shati lingine, limelowa mgongoni kwa mwendo, na hakubeba kitu. Aliona mwanamke mzee ameinua panga, akaona debe, akaona tope, kisha macho yake ya kutua taratibu yakaufikia mzizi. Akafunga macho kidogo.

"Amolo," alisema. "Mimi ni mjinga."

"Senje amekutuma."

"Senje amenipiga na koleo. Lakini nilikuwa nimeshaanza kuja. Nisamehe."

"Wewe ndiye wa maua?" Mama aliuliza, panga bado liko juu.

"Ndiyo, Mama."

"Basi simama hapo uone kazi yako ikikatwa." Akajivuta kuelekea debe. "Ikatwe leo, ichomwe, majivu yatupwe ng'ambo ya mto. Labda chira itasikia."

Shivachi alitoa hatua moja. "Mama, huo mzizi ni mmoja. Bogenvilia haipendi kuguswa chini. Ukikata hapo haiponi, hata mimi siwezi kuiponya."

"Isipone!"

"Usikate," Amolo alisema.

Alilisema kwa sauti ambayo hakuijua. Ilitoka nene, ikagonga mabati ya upande wa pili. Mama Valary aliacha kucheka. Amolo mwenyewe aligeuka kidogo, kama mtu anayetafuta aliyesema. Kisha aliona kwamba ameweka mkono juu ya mzizi, kiganja wazi, na panga la Mama liko juu yake.

"Toa mkono, nyar Gem."

"Sitoi."

"Nitakukata."

"Huwezi. Wewe ndiye uliyenilisha uji kwa kijiko miezi miwili, nikiwa sioni mlango uko wapi." Alivuta pumzi. Kifuani mwake hakukuwa na moto wowote, lakini maneno yalikuwepo, yamepangwa, kana kwamba yalikuwa yakijipanga kwa muda mrefu mahali asipopaangalia. "Mama, hii imekuwa ardhini mwaka mzima. Nani amekufa? Nani amekonda? Wewe umenenepa. Hata goti limepona."

"Goti limepona kwa dawa ya yule mganga Wabwire."

"Sawa, Wabwire. Lakini kama kuna chira, dawa ya Wabwire ingeshindwa."

Panga la Mama lilishuka kidogo, si kwa kukubali, ni mkono tu uliochoka. Alipoongea tena sauti ilikuwa imebadilika, ndogo, ya mwanamke aliye peke yake chumbani.

"Mimi si chira tu naogopa. Ukirithiwa na Osewe unabaki wangu. Ukienda na huyu, siku yangu ikifika nani atasimama kwa kaburi aseme, mimi ni bibi ya mtoto wake? Ojwang hakuacha mtoto. Ameniacha na wewe. Ukiondoka nabaki na nani, nyar Gem? Na hii simu?"

Shivachi alitazama viatu vyake.

Amolo alisimama. Magoti yalikuwa yamelowa. Alimgeukia Shivachi kwanza.

"Uliniuliza kitu miezi miwili iliyopita."

"Niliuliza."

"Bado sijui kama nahisi kitu. Leo uliniita mwongo na sikuhisi. Sasa hivi nimepiga kelele na sijui ilitoka wapi. Sitaki kukudanganya. Mimi si mwanamke wa kukuimbia asubuhi."

"Sijakuomba uimbe," Shivachi alisema. "Nimekuomba ukae."

"Basi nenda nyumbani."

Uso wake ulianguka. "Amolo..."

"Sikiza kwanza, wewe pia una haraka ya kusoma vibaya. Nenda nyumbani leo bila mimi na bila maua. Hii haitoki hapa, ni ya huu mlango. Kesho urudi. Urudi na Senje Musimbi, urudi na mzee mmoja wa kwenu, mvae vizuri, mpige hodi. Mkae hapo kwa kiti. Na uniombe kwa Mama."

"Kwa nani?" Mama na Shivachi waliuliza pamoja.

"Kwa Mama. Kama msichana anavyoombwa kwao. Na ukubali mbele yake kwamba kila mwisho wa wiki nalala hapa, na siku yake ikifika mimi ndiye nitasimama hapo kaburini na kusema maneno, na wewe utabeba jeneza upande mmoja. Akikataa, sitaenda. Nitakaa hapa kwa debe langu. Lakini Osewe pia asije, si Desemba, si mwaka mwingine wowote. Akikubali, nitakuja Congo, na nitapanda kitu kwa mkono wangu mwenyewe, ardhini, mchana watu wakiona."

Mama alikuwa amekaa kwenye kizingiti bila kujua amekaa. Panga lilikuwa mapajani. "Wewe mtoto," alisema. "Nani amewahi kuona mjane akiombwa kwa mama mkwe? Watu watacheka mpaka Ugenya. Mahari ya mkaza mwana nakula mimi? Msichana huombwa kwa mama yake."

"Mama wa kunizaa alikufa nikiwa darasa la tatu," Amolo alisema. "Mwingine sina."

Alilisema bila kulia, uso mkavu kama kawaida, na labda kwa sababu hiyo lilifika. Mama alimtazama. Alimtazama Shivachi pia, shati, mabega yaliyoinama, mikono iliyojaa makovu madogo ya miiba. Shivachi alisimama wima kadiri alivyoweza, kama mtoto anayepimwa urefu ukutani. Hakusema neno, na hilo lilikuwa jambo la busara zaidi alilofanya siku hiyo.

Amolo alingoja. Aligundua kwamba anangoja kweli. Alitaka, kwa nguvu iliyomtisha kidogo, kusikia kile mwanamke huyu mzee atasema.

Mama aliegemea ukuta, akajiinua polepole. Akamkabidhi Mama Valary panga bila kumwangalia, kama mtu anayerudisha sufuria ya kuazima. Akarudi mlangoni, akasimama, mgongo kwao.

"Huyo shangazi yako anakunywa chai na maziwa ama ya rangi?"

"Na maziwa, Mama," Shivachi alisema. "Mengi."

"Mwambie wasikuje kabla ya saa nane," Mama alisema. "Kesho niko kanisa."